Stika ya Mjane

Jumatatu, 3 Juni

Asubuhi nilimtolea mke wangu hotuba kuhusu ubadhirifu. Kosa. Alikuwa ametoka zamu ya usiku wodini, viatu bado miguuni, na mimi nikaanza na mfuko wa vitu alivyopitia kununua. Nilimwonyesha kwamba biskuti zile hakuzinunua yeye, zilijiuza zenyewe. Kwamba supamaketi huweka maziwa nyuma kabisa ya duka ili mtu apite mbele ya kila kishawishi kabla ya kuyafikia. Kwamba bei inayoishia na tisa ni tusi kwa akili ya mtu mzima. Nilikuwa kwenye kiwango changu. Kama gazeti lisingekuwa limeifuta safu yangu, hiyo ingekuwa safu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilipaswa kunishtua. Halafu akavua viatu, akanikabidhi pochi ya matumizi na ule mfuko mtupu, akasema kuanzia leo manunuzi ya nyumba hii ni yangu. Mshahara wake mmoja hauwezi tena kulisha watu watatu na hotuba. Mwezi huu matumizi yakizidi tena, chumba changu cha vitabu kitapata mpangaji. Tangazo ameshaliandika, bado kulibandika tu.

Nikamwuliza kama anatania. Akasema ana usingizi. Akaenda kulala.

Chumba changu. Ni kidogo, dirisha linatazama tangi la maji la jirani, na mlango hukwama siku za mvua. Lakini humo mna vitabu vyangu vyote, meza yangu, na kiti pekee katika nyumba hii ambacho hakuna anayeniambia nisogee. Gazeti lilishanitoa. Nikitolewa na chumbani nitakuwa mzee wa kwenye kochi, yule anayeulizwa kama ameona chaja.

Jioni, kujiliwaza, niliandika makala. Kisa kilitoka ukutani. Sebule ya jirani yangu, daktari wa meno, imepakana na chumba changu. Nyumba za mtaa huu zilijengwa zote na mkandarasi mmoja, kwa ramani moja na, nadhani, kwa mfuko mmoja wa saruji. Jirani akikohoa, mimi nakunywa maji. Kila jioni saa mbili hukusanya nusu ya mtaa mbele ya televisheni yake, pana kama mlango wa gereji, kutazama ile tamthilia ya matajiri wanaotekana na kusameheana. Sijawahi kuitazama. Nimeisikia yote.

Niliandika kwamba tamthilia hiyo ni shimo ambamo akili za watu wazima hutupwa kila jioni zikiwa hai. Kurasa sita. Nikaituma kwenye grupu la mtaa, katikati ya mjadala wa uzoaji taka. Hakuna aliyejibu. Baadaye daktari wa meno akauliza gari la taka ni kesho au keshokutwa.

Jumanne, 4 Juni

Supamaketi ya kwenye mzunguko. Nilikwenda na mkakati: moja kwa moja hadi kwenye maziwa, macho mbele, kisha nje. Nikakuta maziwa yamehamishwa.

Na kuta zote zimejaa nyuso. Tangu mlangoni mpaka kwenye friza za samaki, wahusika wa ile tamthilia. Pacha Mwema. Pacha Mbaya. Wakili. Bibi Harusi. Dereva Aliyepoteza Kumbukumbu. Na juu ya wote, akinitazama kama mhariri mpya, Mjane, yule katili wao, shela nyeusi usoni na kidole midomoni.

Keshia wa kaunta ya nne, msichana mwenye miwani na sauti ya mtu aliyesimama tangu asubuhi, alinieleza. Kila bidhaa yenye alama ya manjano inakuja na stika moja ndani ya kibahasha, huchagui. Nyuso ziko kumi na mbili. Ukijaza karatasi nzima kabla duka halijafungwa Jumamosi tarehe 15, unanunua kwa nusu bei mwaka mzima. Nilianza kumfafanulia jinsi mbinu hizi zinavyomrudisha mnunuzi utotoni. Akasema, "Mzee, stika unachukua au nimpe anayefuata?"

Nilichukua.

Nusu bei. Mwaka mzima. Nilisimama katikati ya njia ya sabuni na toroli langu, watu wakinizunguka, nikauona mustakabali wote. Mke wangu hatakuwa na la kusema. Atalichana tangazo lake mwenyewe. Labda kwa machozi.

Nimenunua chupa nne za dawa ya kulainisha nguo. Maziwa nimesahau.

Ijumaa, 7 Juni

Maendeleo, ya aina yake. Bidhaa zenye alama ya manjano ni tatu tu: dawa ya kulainisha nguo, sponji za kuoshea vyombo, na chakula cha paka. Hatuna paka. Binti yangu, aliye likizo ya chuo na anayeshinda mezani jikoni akinitazama jinsi watu wanavyotazama ajali barabarani, ameniuliza paka anafika lini. Nikamwambia uwekezaji una majira ya kupanda na majira ya kuvuna. Akasema sawa baba, lakini jioni tunakula nini.

Tumekula mkate. Nguo zetu ni laini mno. Shati langu haliwezi tena kusimama lenyewe kwenye kola.

Stika nilizonazo: nyuso saba. Dereva Aliyepoteza Kumbukumbu ninaye mara tisa. Nadhani huko kiwandani walikuwa wanasahau kwamba wameshamchapa.

Tatizo ni mahali pa kuweka. Kabati la jikoni limefurika, na mke wangu akitoka zamu huwa amechoka lakini si kipofu. Nimepata suluhisho mwenyewe. Nimetoa vitabu vya rafu ya chini chumbani mwangu, nikavipanga koridoni, na mahali pake nikaingiza chupa. Zimeingia sawasawa, kana kwamba fundi aliipima rafu ile kwa ajili yake. Sikupenda zilivyoingia sawasawa. Binti alipita na kikombe cha chai, akachungulia, akasema chumba kimepata hewa.

Ni kwa muda.

Jumapili, 9 Juni

Nyuso kumi na moja. Amebaki Mjane.

Ili kufika hapa imebidi rafu nyingine tatu zihame. Historia iko bafuni. Falsafa iko nyuma ya mlango wa jikoni, kwa hiyo mlango haufunguki wote, na mtu anaingia jikoni kwa ubavu. Riwaya ziko chini ya kitanda chetu. Mke wangu ameuliza kwa nini kitanda kimeinuka upande wa kichwani. Nikamwambia ni vizuri kwa mzunguko wa damu. Ni muuguzi.

Paka wa mtaa wameshajua. Wamekaa juu ya ukuta wa nyuma, wametulia, kama wajumbe wa bodi.

Pochi ya matumizi imebaki nyepesi. Nimeifunga zipu ili nisiione.

Basi nikatoka kutafuta mtu wa kubadilishana naye, Dereva kwa Mjane. Nilianzia kwa mama wa nyumba ya kona. Alinipokea vizuri, akanikalisha, kisha akasema asingependa kunipotezea wakati, maana akili yake ilishatupwa shimoni ikiwa hai. Neno kwa neno. Kumbe walisoma. Kwa mara ya kwanza tangu safu ifutwe nilijua kwamba nina wasomaji. Furaha ilidumu mpaka getini kwake.

Nyumba zilizofuata, hivyo hivyo. Wengine walinukuu hata ukurasa wa tano. Na wote wakaniambia jambo moja: mwenye Mjane wawili ni daktari wa meno.

Nilimkuta anamwagilia nyasi zake, traksuti mpya, filimbi shingoni, sijui ya nini. Aliniita Profesa. Ananiita hivyo tangu nilipomrekebisha kuhusu asili ya neno fulani mbele ya wageni wake, na hasemi kwa heshima. Alichomoa pochi, akatoa Mjane, akaniachia nimwone, akamrudisha. Akasema, "Profesa, mimi si mtu wa kinyongo." Ni maneno ambayo sijapata kuyasikia kwa mtu asiye na kinyongo.

Masharti yake: Jumatano niende sebuleni kwake, mbele ya wote, niombe radhi kwa maandishi. Ijumaa, siku ya sehemu ya mwisho ya tamthilia, niende tena, nikae, nitazame kama watu, kimya. Baada ya hapo Mjane ni wangu.

Nilimwambia nitafikiria. Nilifikiria mpaka kwenye bomba lake la maji, nikarudi, nikakubali.

Jumatano, 12 Juni

Nimeomba radhi. Maandishi yalikuwa ukurasa mmoja tu, mafupi kuliko yote niliyowahi kuandika, na bado yalikuwa na hatari ndani yake.

Sebule imejaa. Viti vya plastiki mpaka kwenye korido. Na kwenye kochi, kando ya mke wa daktari, kikombe mkononi, miguu juu ya stuli: mke wangu. Sikujua. Siku zote nilizokuwa najifungia chumbani nikiulaani ukuta, akiwa hana zamu, yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta huo huo. Nikakumbuka shimo. Nikakumbuka akili zilizo hai. Yeye naye alikuwa amekumbuka, nilimwona.

Nilisoma. Nilipofika "naomba radhi kama kuna aliyeumia", mama wa nyumba ya kona akanikatiza. "Kama? Umesema kama?" Nikamweleza kwamba katika maandishi ya hadhara lazima mtu aache nafasi ya mashaka. Akasema yeye hana mashaka, aliumia. Mwingine akasema na yeye. Nikaanza kuitetea sentensi yangu. Nilikuwa nimeshafika kwenye haki ya mhakiki katika jamii huru pale daktari alipochukua rimoti, akanielekezea mimi, akabonyeza kitufe cha kuzima sauti. Watu wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Mke wangu hakucheka. Aliangalia kikombe chake.

Nikakunja karatasi, nikasema nilikosea. Basi. Neno moja, halina hata kiambatisho. Nadhani lilimwendea yeye, ingawa stika ilikuwa kwa daktari.

Wakanipa kiti cha plastiki nyuma. Nikatazama. Ajabu kuona nyuso za watu uliowasikia miaka minne kupitia ukutani. Pacha Mbaya ni mfupi kuliko sauti yake. Wakili ana ndevu, sikumdhania. Swali kubwa la tamthilia yenyewe ni moja: mama wa mapacha ni nani? Wote wanasema alifia kwenye moto. Walipoonyesha zamani, alikuwa kivuli tu, anawabembeleza watoto kwa wimbo wa kuguna.

Lakini wimbo ule naujua. Mjane huuguna anapohesabu vito vyake. Upande huu wenye macho walikuwa wanatazama vito. Mimi nilikuwa na ukuta, sikuwa na cha kutazama.

Sikusema kitu. Ninajivunia.

Ijumaa, 14 Juni

Siwezi kuandika. Naandika.

Nilifika mapema. Nilikaa kando ya mke wangu, ambaye alisogea kunipa nafasi. Alisogea bila kuambiwa, nataka hili liandikwe mahali. Daktari alivaa suti. Mjane alikuwa kwenye mfuko wa juu wa koti, nusu nje, kama leso.

Nilinyamaza kipande cha kwanza. Nilinyamaza cha pili, ambamo Dereva alikumbuka kila kitu kisha akaanguka ngazi. Nilinyamaza hata pale Wakili alipofungua kesi mahakamani saa za harusi, jambo lisilowezekana kisheria katika nchi yoyote. Yakaingia matangazo ya biashara, ya mwisho. Watu wakaanza kubashiri mama wa mapacha. Mmoja akasema ni yule mtawa. Mwingine akasema mpishi. Daktari akasema yeye hataki kubashiri, anataka dakika hiyo imkute hivyo hivyo, mtupu, kama mtoto. Kisha mama wa nyumba ya kona akageuka akasema, taratibu, bila ubaya, kwamba hii hata Profesa haijui.

Ningefanyaje? Nauliza kwa dhati. Mtu mzima, mwenye elimu, anaambiwa hajui, na anajua.

Nikasimama. Mke wangu akanishika shati, likateleza mkononi mwake, lilivyo laini. Nilithibitisha kwa hoja tatu kwamba mama ni Mjane. Wimbo wa kuguna. Shela isiyovuliwa hata mezani, maana ana kovu la moto. Na kwamba kwa vipindi vyote hivyo anawatesa mapacha lakini kupitia ukutani sijawahi kusikia hata kofi moja. Watu wakazomea. Mmoja akanirushia mto wa kochi. Tangazo la dawa ya kulainisha nguo likaisha, Mjane akatokea mlangoni mwa kanisa, akavua shela, kovu hilo hapo, akaanza kuguna ule wimbo.

Kimya. Mke wangu hufanya kazi palipo na vifo, na baadaye alisema hajawahi kusikia kimya cha namna ile.

Daktari hakupiga kelele. Alisema tu, "Miaka minne." Akasema tena. Akamtoa Mjane mfukoni. Nilinyoosha mkono, kwa mazoea ya matumaini. Akanipita, akatoka nje na tochi. Dirishani tulimwona akienda kwenye tangi lake la maji, upande unaotazama chumba changu, akambandika Mjane pale, akamkandamiza kwa kidole gumba kama anayeziba jino.

Njiani, yaani hatua chache kutoka geti hadi geti, mke wangu alisema kwamba nilikuwa sahihi. Halafu akasema hilo ndilo linalomchosha.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya mwisho. Daktari yuko kliniki mpaka mchana. Tangi liko mbele ya dirisha langu, Mjane ananitazama, kidole midomoni. Nilichemsha birika.

Kupanda ukuta nilitumia juzuu za ensaiklopidia, A hadi M. Zilinibeba vizuri kuliko gazeti lilivyonibeba. Paka walinifuata kwa mstari. Wananihesabu kuwa mtu wao. Nikamwagia stika maji ya moto kidogo kidogo, nikaanza kuibandua kwa ukucha kuanzia kwenye shela. Ilikuwa inakuja. Naapa ilikuwa inakuja. Ndipo dirisha likafunguka, mke wa daktari akatoa kichwa, akauliza, "Shemeji, birika hilo unampelekea nani chai?"

Nikasema naosha tangi.

Akafurahi sana. Akasema Mungu anibariki, maana amemwambia mumewe mpaka amechoka, na upande wa pili una ukungu wa kijani. Akaniletea brashi. Akabaki pale dirishani kunipa moyo.

Nililiosha tangi lote. Upande wa pili, juu, na miguu yake. Sponji, angalau, nilikuwa nazo. Alipoingia ndani hatimaye, nilimrukia Mjane kwa pupa, akachanika. Nimepata jicho moja na kidole. Midomo imebaki kwenye tangi.

Nilikimbia hadi dukani na viatu vimelowa. Kaunta ya nne. Yule keshia alihesabu nyuso kumi na moja, akafika kwenye jicho, akainua miwani. Nikamjengea hoja. Kwamba utambulisho wa mtu haupo midomoni. Kwamba kama uso nusu haustahili nusu bei, basi kwa haki unastahili robo. Watu kwenye foleni walianza kuweka chini vitu vyao. Alinisikiliza kuliko wahariri wangu wote, kisha akasema, kwa upole ulioniumiza, "Mzee, nenda kapumzike."

Spika ikatangaza kwamba duka linafungwa. Nikabandika jicho kwenye karatasi hivyo hivyo. Nilitaka lionekane limejaribu.

Jumapili, 16 Juni

Pochi ni tupu, na mwezi uko nusu. Nilipanga kumwambia mke wangu baada ya kifungua kinywa, lakini kifungua kinywa hakikuwepo.

Alikwenda mwenyewe chumbani. Nilimsikia akisukuma mlango. Nilisubiri kelele, jikoni, nikiwa nimeegemea falsafa. Hakuna. Nikaenda.

Alikuwa amesimama katikati. Rafu zote, ukuta hadi ukuta, chupa za buluu, makopo yenye picha za paka, sponji mpaka darini. Akauliza vitabu viko wapi. Nikamtajia: bafuni, koridoni, nyuma ya mlango, chini ya mahali anapolala. Akauliza ni vyote? Nikasema ushairi bado, uko dirishani, hauchukui nafasi.

Akakaa juu ya katoni. Nikadhani analia, na nilikuwa tayari kwa lolote, hata kuomba radhi bila kama. Alikuwa anacheka. Alisema wiki hizi mbili hajapata usingizi mzuri. Si kwa sababu ya matumizi, hayo alijua yatazidi. Alikuwa anawaza jinsi ya kuvitoa vitabu vyangu humu bila kunivunja moyo. Aliwaza kuwaita watu wa kuhamisha, mimi nikiwa sipo. Aliwaza kumwita kaka yake azungumze nami. Akashindwa. Na mimi nimevitoa mwenyewe, kimoja kimoja, kwa mikono yangu, tena nikavipangia mahali.

Akafuta macho, akaenda kubandika tangazo.

Kufikia alasiri binti alikuwa ameuza karibu kila kitu pale getini, kwa wale wale walionikatalia. Daktari wa meno alichukua katoni nzima ya dawa ya nguo na akataka punguzo. Akapewa. Rafu zikabaki wazi, safi, zinanukia maua ambayo hayapo duniani. Nikabeba historia kutoka bafuni kuirudisha. Nilifika mlangoni. Mke wangu akaniambia, bila ukali wowote, "Acha tu, mume wangu."

Niliirudisha bafuni. Imeshaanza kuvimba kwa unyevu.

Jumanne, 18 Juni

Mpangaji amefika. Mwanamke kijana, mtulivu, amelipa kabla ya kuombwa, anatafuta mahali pa karibu na kazini. Mke wangu anampenda tayari. Niliitwa kusaidia mizigo.

Miwani. Sauti ya mtu aliyesimama tangu asubuhi.

"Mzee," akasema. "Kumbe hapa ndipo unapopumzikia."

Nilibeba katoni ya kwanza, nikafika nayo koridoni, nikaiona vizuri, nikalazimika kuiweka chini. Ilikuwa imefungwa kwa stika. Mjane, Mjane, Mjane, kutoka ukingo hadi ukingo, safu nzima, mzima kila mmoja, na midomo yake. Katoni ya pili hivyo hivyo. Ya tatu amemzungushia mara mbili, ina vyombo vya kuvunjika.

Nikamwuliza kwa sauti niliyoweza kuipata. Akasema ah, hizo, roli zima la stika ambazo hazijatiwa vibahasha lilichelewa huko lilikotoka, likaletwa Jumamosi duka likiwa limeshafungwa. Meneja akasema litupwe. Yeye akaona ni hasara, gundi yake ni nzuri sana.

Nikasema najua.

Jioni tamthilia mpya ilianza kwa jirani, ya marubani. Mpangaji aliusikia muziki ukutani, akatoka chumbani uso umemchangamka, akasema chumba hiki kina bahati. Mke wangu, binti yangu na yeye wakatoka pamoja, wakicheka kuhusu jambo fulani. Walinikaribisha. Daktari amesema naruhusiwa, ila nikae na pipi kubwa mdomoni. Kama daktari wa meno, alisema, inamuuma kupendekeza hivyo.

Sikwenda. Nilikaa kwenye kochi. Baadaye mpangaji alirudi kuchukua sweta, akaniuliza kama nimeona chaja.

Alhamisi, 20 Juni

Naandika jikoni, juu ya mfuniko wa mashine ya kufulia. Ikifika kwenye kukamua, mwandiko wangu unakuwa wa mtu mwingine. Mke wangu ameichukua tena pochi ya matumizi. Chakula kimerudi mezani. Hakuna anayezungumzia jambo hili, na ukimya huo wameupanga, nauona.

Lakini leo mpangaji amerudi kutoka kazini na kipeperushi, akakiacha mezani. Kuanzia Jumatatu, picha za waimbaji. Nyuso ishirini. Zawadi kwa atakayejaza: kibanda cha bustani. Cha mbao. Kina dirisha, kina kufuli, kinasimama peke yake uani, hakichangii ukuta na mtu yeyote duniani.

Chumba.

Mara ya kwanza nilikosea katika utekelezaji tu. Nilichelewa kumtafuta adimu. Safari hii nitaanza na adimu. Na ninaye mtu wa ndani, analala kwenye chumba changu mwenyewe. Nimemwuliza, kijuujuu tu, ni mwimbaji gani atakayechelewa. Akasema, "Mzee, kunywa chai."

Mtaji upo. Nimeuza ensaiklopidia, A hadi Z, kwa daktari wa meno. Anataka kuinulia televisheni, watu wa nyuma hawaoni. Kibanda kikifika nitazikomboa.

Alama ya manjano safari hii iko kwenye karatasi za chooni, yale mafurushi makubwa. Ni nyepesi lakini zinajaa. Chumba cha mpangaji hakiwezekani, kimekodishwa. Mke wangu ana zamu ya usiku wiki yote ijayo. Nimekwenda na futi ya binti nikapima chumba chetu cha kulala. Kitanda kikisimamishwa ukutani, zinaingia zote.

Ni kwa muda.